Mlipaji Aambiwe Kabla Bei Haijapanda

Katika nyumba yenye utaratibu mwema, baba hauzi mbuzi wa nyumba pasipo kumwarifu mama, wala mama halihamishi fungu la ada ya watoto pasipo kumwarifu baba. Si kwamba mmoja wao hana mamlaka. Ni kwamba mali ile ni ya wote wawili, na anayeshiriki katika kulipa hana budi kushiriki pia katika shauri. Jambo hili dogo la nyumbani twataka leo kulipeleka mahali palipo pakubwa zaidi, yaani kwenye bomba la maji na waya wa umeme.

Twazungumza na familia za nchi nzima, lakini macho yetu yanatazama hasa Kibaha na Kisarawe, huko Mkoa wa Pwani. Sababu ya kuchagua miji hii miwili ni nyepesi kueleweka. Kule Mlandizi, Kibaha, ndiko ulipo mtambo wa maji wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959 na kupanuliwa baadaye hata ukaweza kutoa mita za ujazo 196,000 kwa siku. Sehemu kubwa ya maji hayo hupita kwenye mabomba makubwa kandokando ya barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kisarawe nayo, iliyo juu ya vilima upande wa pili, ilikaa miaka mingi ikihangaika na visima na madumu, mpaka katikati ya mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuyapandisha maji ya Ruvu kutoka Kibamba. Miji yote miwili yahudumiwa na DAWASA, na umeme wao, kama wetu sote, watoka TANESCO.

Basi, angalieni hali ya mlipaji wa miji hiyo. Akienda sokoni akakuta fungu la nyanya limepanda bei, atavuka hatua tatu amwulize mwenye mkeka wa pili. Lakini bomba likipanda bei, hakuna mkeka wa pili. Waya ni mmoja na bomba ni moja. Mtu asiyeweza kuhama muuzaji hana nguvu ya soko mkononi mwake. Nguvu inayobaki ni kusikilizwa, na hawezi kusikilizwa asiyeambiwa kwamba kuna shauri. Wahenga walikwisha kulisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Sheria yasemaje?

Wengi hudhani kwamba shirika la maji au la umeme likiamka asubuhi laweza kujiandikia bei litakayo. Sivyo. Bunge lilitunga mwaka 2001 sheria iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo sote twaiita EWURA, nayo ikaanza kazi mwaka 2006. Kwa sheria hiyo, mtoa huduma anayetaka kupandisha bei hupeleka maombi yake kwa Mamlaka pamoja na hesabu na sababu. Mamlaka nayo haina ruhusa ya kupanga bei kabla ya kufanya uchunguzi wa wazi, ambao kwa lugha ya kiofisi huitwa taftishi.

Sheria hiyohiyo yaagiza taftishi itangazwe katika Gazeti la Serikali na katika gazeti la kila siku linalosomwa nchini. Tangazo lapaswa kueleza kusudi la taftishi, muda wa kupeleka maoni, na namna ya kuyapeleka. Tena sheria imeunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mlaji na kumsemea. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka aweza kukata rufani mbele ya Baraza la Ushindani.

Juu ya hayo yote iko Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 18 yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Ibara ya 21 yampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Kama maji ya kunywa na taa ya kusomea mtoto si mambo muhimu ya maisha, basi hatujui ni yapi.

Kwa hiyo hatuandiki leo kuilaumu sheria. Sheria ni njema. Twaandika kuuliza swali moja: je, taarifa inayotakiwa na sheria yafika kweli katika nyumba ya mlipaji?

Taarifa ya maombi na tangazo la uamuzi

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni taarifa ya maombi: mtoa huduma anaomba bei ipande kiasi fulani, kwa sababu fulani, nawe waweza kutoa neno lako mpaka tarehe fulani. La pili ni tangazo la uamuzi: bei imepanda, na kuanzia siku fulani utalipa hivi. Hili la pili humfikia kila mtu, maana hata asipolisoma ataliona siku ya kulipa. Lakini kumwambia mtu kwamba bei imekwisha kupanda si kumshirikisha. Ni kumsomea hukumu ya kesi ambayo hakujua kwamba imefunguliwa.

Taarifa iliyo na thamani ni ile ya kwanza, nayo ndiyo iliyo hatarini kupotea njiani. Mfikirieni mkulima wa Maneromango au mama lishe wa Mlandizi. Gazeti la Serikali hajaliona maisha yake yote. Gazeti la kila siku analiona likiwa limefungia maandazi, na siku yake imekwisha kupita. Mkutano ukifanyika Dar es Salaam siku ya kazi, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kufunga biashara siku nzima ni gharama ambayo haiwezi. Sheria imetimizwa kwa maandishi, lakini mama yule hajui lolote.

Pana jambo jingine ambalo halikuwako zamani. Katika siku za ankara ya karatasi, mtoa huduma aliweza kuambatanisha tangazo na ankara, nalo likaingia mlangoni. Siku hizi wateja wengi wa umeme hununua kwa LUKU, na kwa mfumo huo ankara haipo kabisa. Na nyumba nyingi zina wapangaji, ambapo jina lililoandikwa kwenye dira ya maji ni la mwenye nyumba, pengine anakaa mkoa mwingine. Mwenye nyumba atapata taarifa, na wapangaji watapata bei.

Yaliyokwisha kutokea

Pengine msomaji atasema: hata tukiambiwa, kuna faida gani? Wakubwa wameshaamua. Tumjibu kwa mambo yaliyotokea.

Mwishoni mwa mwaka 2011, ukame ukiwa umepunguza maji ya mabwawa na mitambo ya dharura ikila mafuta mengi, TANESCO iliomba kupandisha bei ya umeme kwa asilimia 155. Maombi yalichunguzwa, na kuanzia tarehe 15 Januari 2012 ongezeko lililoruhusiwa likawa asilimia 40.29. Baadaye shirika liliomba asilimia 67.87, na kuanzia Januari 2014 likaruhusiwa asilimia 39.19. Mwaka 2016 liliomba asilimia 18.19, na Mamlaka ikakubali asilimia 8.53.

Tufanye hesabu ya nyumbani, kwa kukadiria tu, maana ongezeko halikuwa sawa kwa kila daraja la wateja. Nyumba iliyokuwa ikitumia shilingi 20,000 kwa mwezi, ongezeko la asilimia 155 lingeifikisha shilingi 51,000. Kwa ongezeko la asilimia 40.29, nyumba hiyo ilifika shilingi 28,058. Tofauti ni shilingi 22,942 kila mwezi. Hatusemi kwamba tofauti hiyo yote ililetwa na sauti za wananchi. Wahasibu na wahandisi wa Mamlaka walikuwa na sehemu yao kubwa. Twasema tu kwamba kati ya kinachoombwa na kinachotolewa pana nafasi pana, na katika nafasi hiyo ndimo hoja hupimwa. Mlaji akikosekana hapo, hoja zinazopimwa ni za upande mmoja.

Yaliyofuata mwaka 2016 yana fundisho lake pia. Ongezeko lile la asilimia 8.53 lilitangazwa siku za mwisho za Desemba, lianze Januari 2017. Kabla halijaanza, Waziri wa Nishati alilisimamisha, na siku ya Mwaka Mpya mkurugenzi mtendaji wa shirika akaondolewa kazini. Watu wengi walifurahi, nasi twaelewa furaha yao. Lakini mwenye busara atatafakari zaidi. Nafuu iliyotolewa kwa amri ya mkubwa yaweza kuondolewa kwa amri ya mkubwa mwingine. Nafuu iliyopatikana kwa hoja iliyosikilizwa mbele ya wote ina mizizi. Mlipaji asikae akingoja huruma wakati sheria imempa kiti mezani.

Tena mwanzoni mwa Januari 2022 bei ya kuunganishiwa umeme ilibadilika. Kabla ya hapo nyumba za mjini na za vijijini ziliunganishwa kwa shilingi 27,000. Kuanzia hapo vijiji vilibaki na bei hiyo, na mteja wa mjini wa njia moja asiyehitaji nguzo akatakiwa kulipa shilingi 320,960. Kwa maeneo kama Kibaha na Kisarawe, ambako mashamba ya jana ndiyo mitaa ya leo, swali la kwanza la kila familia ni moja: je, sisi ni kijiji au ni mji? Jibu la swali hilo lina thamani ya shilingi 293,960. Familia inayodunduliza kidogo kidogo yastahili kuulizwa na kuelezwa swali la namna hiyo mapema, isije ikalikuta dirishani siku imeshika fedha mkononi.

Taarifa iliyo kamili

Basi, twapendekeza nini? Twapendekeza kanuni imtake kila mtoa huduma wa maji na umeme, anapoomba kupandisha bei, ampelekee mteja wake mwenyewe taarifa yenye mambo matano.

Kwanza, iseme kwa Kiswahili chepesi bei ya sasa na bei inayoombwa, tena kwa kipimo ambacho mtu anakijua: uniti moja ya umeme, ndoo moja ya maji, au malipo ya mwezi ya nyumba ya kawaida. Asilimia peke yake humchanganya msomaji.

Pili, ieleze sababu. Je, fedha ni za bomba jipya, au za kulipa deni, au za kufidia maji yanayovuja njiani? Mlipaji atavumilia zaidi akijua jasho lake laenda wapi.

Tatu, itaje tarehe ya mwisho ya kutoa maoni, na mahali pa mkutano, nayo imfikie mteja majuma kadhaa kabla ya siku hiyo, si siku mbili kabla.

Nne, ionyeshe njia ya kujibu ambayo mtu aweza kuitumia pasipo nauli: ujumbe wa simu, au barua inayopokelewa katika ofisi ya kata.

Tano, ipite katika njia ambazo watu wanazitumia. Mtu akinunua LUKU, namba za umeme humjia kwenye simu yake, awe mpangaji au mwenye nyumba. Deni la maji nalo hutumwa kwa ujumbe. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwa njia ya LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 tangu mwaka 2023. Ikiwa njia hiyo yaweza kuchukua fedha kutoka kila nyumba, haishindwi kupeleka taarifa katika kila nyumba. Pamoja na hiyo, karatasi moja ibandikwe ofisi ya mtaa, zahanati, sokoni, kanisani na msikitini.

Haya si mageni duniani. Jirani zetu wa Kenya, bei ya umeme ilipotakiwa kubadilishwa mwaka 2023, walifanya mikutano ya wananchi sehemu mbalimbali za nchi kabla ya bei mpya kuanza tarehe 1 Aprili. Jimbo la California, huko Marekani, wapiga kura walipitisha mwaka 1996 sharti kwamba mwenye mali inayolipiwa ada ya maji apelekewe kwa posta taarifa ya ongezeko, si chini ya siku 45 kabla ya kikao, na wengi wao wakipinga kwa maandishi, ada hiyo haiwezi kupita. Hatusemi tuige kila kitu. Sisi tuna mdhibiti anayepima hoja, na jambo hilo lina hekima yake. Twasema tu kwamba kupeleka habari hadi mlangoni kumewezekana kwingine hata kabla ya simu za mkononi kuenea.

Upande wa mtoa huduma

Haki yatutaka tuusikilize na upande wa pili. Maji hayapandi vilima vya Kisarawe yenyewe. Yanasukumwa kwa pampu, pampu zinakula umeme, na dawa ya kusafishia yanunuliwa. Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu kiliposhuka, Dar es Salaam na Pwani ziliingia katika mgao, nasi sote tukaona kwamba maji ya bei nafuu yasiyotoka bombani ni ghali kuliko yote, maana yule anayeyakosa huyanunua kwa boza au kwa dumu la mkokoteni. Bei iliyozuiliwa miaka mingi pasipo sababu huozesha mabomba. Kwa hiyo hatufundishi kwamba kila ongezeko ni dhuluma. Mengine ni ya lazima.

Wengine huogopa kwamba wakiambiwa wote, wote watakataa. Twawajibu kwamba taftishi si kura. Ni kupima sababu. Mlaji akisema tu "hatutaki", Mamlaka haina cha kupima. Lakini akisema jambo analolijua, amesaidia uamuzi kuwa bora, hata kwa mtoa huduma mwenyewe. Mhandisi hawezi kujua kila mtaa usiopata maji usiku, na mama wa mtaa ule anajua.

Wajibu wetu

Hapa ndipo tunapowageukia wasomaji wetu wenyewe. Haki ya kuambiwa haina faida kwa mtu asiyetaka kusikia. Twalalamika vibarazani mwaka mzima, na siku ya mkutano viti viko vitupu. Familia zenye watoto shuleni zina msomaji ndani ya nyumba. Mtoto na awasomee wazazi tangazo. Jumuiya ndogo ndogo zinazokutana kila juma zaweza kutenga dakika chache kulisoma pamoja na kuandika jibu moja. Mwenyekiti wa mtaa aweza kukusanya majibu na kuyapeleka.

Na jibu lenyewe liwe la kweli na lenye heshima. Kwa mfano: "Sisi nyumba ishirini za mtaa huu twapata maji siku mbili kwa juma. Hatukatai kuongeza mchango, lakini twaomba ongezeko lisianze kwetu mpaka maji yatoke walau siku nne, na twaomba tuelezwe lini bomba linalovuja karibu na shule litatengenezwa." Barua ya namna hii ina uzito kuliko makelele ya watu mia. Wasioweza kuandika waandikiwe, na wajane na wazee waulizwe kwanza, maana shilingi elfu moja kwao si sawa na shilingi elfu moja kwa mwenye mshahara.

Mwisho twarudi nyumbani tulikoanzia. Baba anayemwarifu mama kabla ya kuuza mbuzi hapunguzi heshima yake. Anaiongeza, na siku mambo yatakapokuwa magumu mama hatamwachia mzigo peke yake. Mtoa huduma naye anayemwambia mlipaji mapema, kwa ukweli wote, hapotezi mamlaka yake. Anajipatia mlipaji anayeelewa anacholipia. Tuwaombe wenye madaraka waiandike kanuni hiyo, nasi tujiandae kuijibu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, nyumbani mwetu nani hununua umeme na nani hulipa maji? Tangazo la maombi ya bei mpya likitoka leo, lingemfikia kwa njia gani?

2. Kuna tofauti gani kati ya taarifa ya maombi na tangazo la uamuzi?

3. Tukiitwa kwenye taftishi juma lijalo, ni jambo gani moja la kweli tunalolijua sisi kuhusu maji au umeme wa mtaa wetu, ambalo mdhibiti hawezi kulijua tusipomwambia?